Kidole cha Sita cha Kipunji

Hyasinta aligeuza kitambaa upande wa nyuma kwanza. Nyuma ndiko mkono wa fundi unakojulikana. Mafundo yalikuwa makubwa, nyuzi zimekatwa kwa haraka. Haikuwa kazi yake. Akakigeuza upande wa mbele.

Mchoro ulikuwa wake.

Kipunji, yule nyani mwenye shungi wa misitu ya kwao Matamba, alikuwa ameketi juu ya tawi, mkia ukining'inia. Chini yake funo, yule paa mdogo wa msituni, alichungulia kati ya majani, sikio moja mbele, moja nyuma. Na mkono wa kulia wa kipunji ulikuwa na vidole sita. Hyasinta alikuwa amekosea mwenyewe mwaka juzi, akitoboa karatasi ya mchoro kwa sindano ya cherehani isiyo na uzi. Karatasi ilimteleza, tundu zikaongezeka, naye akaona aibu kuianza upya.

"Nani anakuletea hivi?" alimuuliza muuzaji, mzee Bonaventura.

"Dada mmoja. Anadarizi vizuri, eh?"

"Anaitwa nani?"

Mzee alivikunja vitambaa vyake vya makochi. "Nyie mafundi mna wivu. Nunua au acha, binti yangu. Watu wangu siwataji."

Hyasinta alitoka soko la Njombe bila uzi aliokuja kununua. Karatasi ile haikutoka Njombe. Kwa alivyojua, ilikuwa Makambako, ndani ya sanduku la bati, katika chumba alichopanga na ambamo kwa miaka minne amefanya kazi na mtu mmoja tu: Prisila.

*

"Kamwene, mama misitu!" Prisila alimsalimu bila kuinua mguu kwenye pedeli. "Uzi wa kijani umepata? Funo wangu huyu anakula majani hewa."

"Umeisha."

"Njombe nzima? Basi watu wanakula uzi siku hizi."

Zamani Hyasinta angecheka. Siku hiyo aliangalia ncha za vidole vya Prisila. Zilikuwa na buluu. Lakini zake pia zilikuwa na buluu. Kila aliyelaza karatasi yenye matundu juu ya kitambaa na kuipangusa kwa unga wa buluu na mafuta ya taa, ili nukta za mchoro zishike chini, alikuwa na vidole hivyo. Hata hivyo aliona za Prisila zimekolea zaidi.

Alianza kuona mengi. Prisila alipopigiwa simu alitoka nje. Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga bati kiasi cha mtu kushindwa kusikia ndani, lakini huko nje je, ndiko kulikuwa na utulivu? Jumatano akaaga kwamba anakwenda kumwona shangazi yake aliyelazwa hospitali ya Tandala. Hyasinta akamwuliza shangazi anaumwa nini. "Mguu," akasema Prisila. Jumamosi akasema nyonga. Mguu na nyonga ni vitu viwili, Hyasinta alijiambia, akitia uzi kwenye sindano na kukosa tundu mara tatu.

Jumatatu alifunga uzi mwembamba mweupe kwenye komeo la sanduku, kwa fundo ambalo yeye peke yake angelijua. Jumanne mvua ilinyesha mchana kutwa, naye alikuwa kanisani kwenye maandalizi ya kwaya. Jumatano asubuhi uzi ulikuwa umekatika.

Hakupiga kelele. Hakuwahi kujua namna ya kupiga kelele. Alisubiri Prisila avue kitambaa kwenye fremu ya kudarizia, ndipo akasema akiangalia sakafu:

"Naona ni vizuri kila mtu afanyie kazi kwake."

"Kwake wapi?" Prisila alitabasamu, akidhani utani umeanza. "Hyasinta? Sema jambo. Nimekula nini chako?"

"Umefungua sanduku."

"Nimelisogeza! Jana bati lilivuja hapo juu, ningeacha karatasi zako zilowe?"

"Na kipunji wangu amefikaje Njombe? Na vidole vyake sita?"

Prisila aliweka fremu chini. Tabasamu lilitoka usoni kidogo kidogo.

"Miaka minne," alisema. "Ungeniuliza tu, mdogo wangu. Ungeniuliza siku ya kwanza."

Jioni ile ile mkokoteni ulikuja kuchukua cherehani yake. Sakafuni zikabaki alama nne za miguu ya chuma, na katikati yake duara safi lisilo na vumbi.

*

Ushahidi ndio uliokuwa umebaki. Siku ya soko Hyasinta alirudi Njombe akasimama nyuma ya marobota ya mitumba, kanga imefika puani, akimngoja Prisila atokee kwa mzee Bonaventura na furushi lake. Alitaka kuona kwa macho. Alitaka, akienda kulala, awe na uhakika.

Saa nne akaja mama mnene mwenye miwani, akatua vitambaa kumi na viwili. Vipunji kumi na viwili.

Hyasinta alijikuta mbele yake. "Shikamoo mama. Mchoro huu umeutoa wapi?"

"Marahaba. Mimi Devotha, wa hapa mtaa wa Ramadhani," alisema mama yule bila wasiwasi wowote, akafungua mkoba na kutoa karatasi yenye matundu. "Shemeji yangu wa Mawengi aliagiza vitambaa kwa fundi wa Makambako. Vikaja vimefungiwa ndani ya hii. Matundu yote yalikuwa yamezibwa na buluu. Nikapitisha sindano tundu moja moja, siku mbili. Nyani ana vidole sita, nikasema labda huko kwao wako hivyo."

Akacheka. Pembeni ya karatasi kulikuwa na neno moja la penseli, *juu*, kwa mwandiko mdogo wa Hyasinta.

Karatasi zikishachakaa alizitumia kufungia mizigo ya wateja wa mbali, vumbi la njiani lisiguse kitambaa cheupe. Hii aliichomoa sandukuni kwa mkono wake, miezi iliyopita, akaifunga kwa uangalifu na kamba ya katani. Alikuwa ameihesabu kama taka.

"Binti, una nini?" Devotha aliuliza. "Unaumwa?"

*

Prisila alikuwa amepanga nyuma ya stesheni ya reli ya Makambako. Hyasinta aliuliza nyumba mbili, ya tatu akasikia cherehani kabla ya kufika: ile namna yake ya kukimbia na kusita, kukimbia na kusita, kwenye kona za majani.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa.

"Hodi," alisema. Akasema tena.

Cherehani ikanyamaza.

Upepo ulilisukuma pazia ndani, ukalivuta nje, na chini ya upindo wake Hyasinta aliona mguu mmoja, bila kiatu, umetulia juu ya pedeli. Haukukanyaga. Haukuinuka.