Mume wa Immakulata Hajui Kiswahili

Immakulata alijiunga na darasa la Kiingereza akiwa na umri wa kupumzika, na sababu aliyompa mwalimu ilikuwa moja tu: alitaka kumtukana mjukuu wake.

Mwalimu Tharsisi, kijana anayevaa tai hata siku ya kupalilia maharage, alidhani masikio yamemdanganya. Hayakumdanganya. Mjukuu mwenyewe ni Claude, yuko Amerika. Akimana, binti wa Immakulata, aliolewa na Mulenda, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Safari ya ughaibuni ikawaangukia, wakaondoka Kasulu mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Sasa mtoto ana meno mapya ya mbele na Kiingereza kitupu mdomoni.

Na mjukuu wa kiume, kila mtu wa kijijini hapa Heru Juu anajua, ni mume wa bibi yake. Bibi humwita bwana, humsema kwamba ana miguu ya kuku na kazi hajui, naye mtoto hujibu kwamba hataki kuoa kizee kisicho na meno. Hapo watu hujua kuwa hawa wawili wanapendana. Bibi asiyemtania mjukuu wake ana kisa naye.

Kila Jumapili Immakulata alimwaga utani wake kwenye simu ya video, Akimana akatafsiri. Bibi hakujua Kiingereza, lakini hakuwa mjinga: yeye anatoa debe zima, binti anapeleka kijiko. Siku moja akambana, na Akimana akakiri kwamba siku zote humwambia mtoto bibi anakusalimu, bibi anakupenda, basi. Huku, alisema, mtoto haambiwi ana miguu ya kuku. Kisha akaongeza lililomchoma mama yake: Claude hataki tena kuja kwenye simu. Anasema bibi hana jipya.

Hana jipya! Immakulata, ambaye misibani huombwa anyamaze kwa sababu waombolezaji wanacheka, ameonekana mtu wa kuchosha. Alikasirika, kisha akaogopa, wala hakuona haya kukiri. Atakufa, na mtoto ataambiwa kwamba ile picha iliyokuwa ikisalimia-salimia imezikwa.

Ndipo akaenda darasani, nyuma ya kanisa, akakaa mbele ya waendesha bodaboda na mabinti wanaotafuta kazi kwenye mashirika ya kambi ya Nduta. Siku hiyo Tharsisi aliandika ubaoni “slow”, na pembeni yake “slowly”. La kwanza, alieleza, ni sifa ya mtu au kitu: mtu mzito, gari lisilo na mwendo. La pili linaeleza jinsi kitendo kinavyofanyika: anatembea polepole.

“Sisi tunatia vi- mbele,” akasema. “Baya, vibaya. Wao wanatia mkia nyuma. Bad, badly.”

Akaendelea. Neno kama “happy” likiishia na y, hiyo y hugeuka i kabla ya kupokea mkia, likawa “happily”. “Good” haitaki mkia kabisa, inageuka “well”. “Fast” inabaki vilevile. Na “friendly” ina mkia, lakini inaeleza mtu, si kitendo. Immakulata akasema kanuni hiyo ina watoto wa nje wengi kuliko marehemu mume wake. Darasa likaangua kicheko, mwalimu akakaza tai.

Ilipofika zamu yake ya kutunga sentensi, Tharsisi alimpa maneno ya heshima: kwa upole, kwa adabu, kwa unyenyekevu. Immakulata akasema hayo ni ya kumwandikia mkuu wa wilaya. Yeye alitaka kula kwa ulafi na kukaa kivivu. Tharsisi akagoma. Hapa, alisema, kinafundishwa Kiingereza cha ofisini.

“Mwalimu, una bibi?”

Alikuwa naye, kule Busunzu.

“Alikuwa akikuitaje?”

Tharsisi aligeukia ubao. “Bwana Kichwa Maboga,” akasema kwa sauti ya chini.

Waendesha bodaboda wakapiga meza, na jina hilo halijamwachia mpaka leo. Lakini alichukua chaki akaandika “greedily”, akaandika “lazily”, akamtamkisha bibi mpaka jua likazama.

Jumapili Akimana alimleta Claude mbele ya simu kwa kumshika bega. Mtoto alikuwa na bakuli la kifungua kinywa na macho yake yalikuwa kwenye kitu kingine. Immakulata alijikohoza. Mkia ulimtoka “ri” badala ya “li”, kama unavyowatoka wengi wa huku, lakini ulitoka.

“My husband,” akasema. “You eat greedily. You sit lazily.”

Kijiko kikasimama hewani. Akimana akaanza kumwomba mama yake asiendelee, na mama yake akajifanya hasikii, eti mtandao mbovu. Claude aliitazama simu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

“You talk badly,” akasema. Unaongea vibaya.

Akimana akawa mkali, akataka mtoto aombe radhi papo hapo.

“Mwache,” Immakulata akasema, na machozi yalikuwa yameshamfika. “Mwache mume wangu aniseme.”

Claude akasogea karibu, akasema kitu kirefu na cha haraka. Akimana alishindwa kujizuia, akacheka, akatafsiri debe zima. “Anasema kwa anavyokuona, hata ngoma utakuwa unacheza vibaya.”

Immakulata aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akafunga kitenge kiunoni, akaingia uwanjani. Heru Juu nzima inajua anavyocheza. Harusi haikamiliki bila yeye. Siku hiyo alicheza vibaya kwa makusudi, viwiko nje, makalio upande, kuku wakikimbilia migombani. Kwenye simu sura ya Claude ilikuwa imeganda, mdomo wazi. Mtandao ulikuwa umekwama kweli safari hii. Aliendelea kucheza mbele ya ile picha, magoti yakimlalamikia, akiogopa kusimama.

Kicheko kilifika kwa kuchelewa, chote kwa mpigo.

“Again,” Claude akasema.

Neno hilo Tharsisi hakuwa amelifundisha. Immakulata akakaza kitenge, akaanza upya.