Ziwa Lililosimama Wima

Ilmari alijifunza uchoraji wa kompyuta bila mwalimu. Alichukua mifano ya programu iliyotolewa bure, akafungua na programu ya msingi inayoendesha michezo, akanakili kwa bidii kuliko alivyosoma. Kwa mandhari aliyounda hivyo aliomba ajira katika kampuni ya michezo mjini Tampere. Hilkka, mkuu wa kitengo, akamwita aonyeshe.

Kwenye skrini ulitokea msitu mzuri wa misonobari. Katikati yake, ziwa lilikuwa limesimama wima kama ukuta.

“He, Ilmari! Hapo mtu anaogelea au anapanda ngazi?”

“Lakini kwenye mfano limelala vizuri kabisa!”

“Kwenye mfano, sawa. Mfano ni wako huo?”

Ilmari alifungua maandishi ya programu yake. Alijua kwamba asipoweza kueleza alichonakili, ajira imempotea. Akausoma upya mstari alionakili wa kuweka ziwa, polepole, kisha akajipiga paji la uso.

“Nimechanganya! Mfano unapima kwenda juu kwa mhimili wa pili. Programu ya msingi inapima kwenda juu kwa mhimili wa tatu.”

“Basi lilaze, bwana.”

Akaandika mstari wake mwenyewe. Ziwa likalala, na misonobari yote ikalala pamoja nalo.

Hilkka alicheka hadi kahawa ikamwagika. “Umeufyeka msitu mzima!”

“Nimegeuza dunia yote badala ya ziwa peke yake,” Ilmari alijibu upesi, bila kutazama mfano wowote.

“Angalau kosa hili ni lako mwenyewe,” alisema Hilkka. “Jumatatu uje kazini, uinue miti.”