Kikohozi cha Gari la Junaid

Siku ile mjinga alikuwa fundi Bushiri, na mwenyewe habishi. Batuli, mjane wa marehemu kaka yake, Junaid, alikuwa ndani amekaa eda, na kesho yake mnunuzi angekuja kutoka Mbeya kuchukua Voksiwageni kuukuu aliyoiacha marehemu.

"Shemeji, liwashe tu nilisikie kabla halijaondoka," Batuli aliomba kutoka nyuma ya pazia la dirisha.

Marehemu alikuwa akitega taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kwa sikio, na sikio lenyewe kama la kuazima. Kila jioni gari lilipanda kutoka Ipogolo bondeni likikohoa mpaka mbwa wakalijibu, na Batuli akilisikia tu, anabandika chai.

Bushiri hakuliwasha tu. Injini ikiwa bado ya baridi, alizungusha puli ya injini mpaka alama ikakaa mahali pake, akalegeza distribyuta inayogawa moto kwa plagi, akaizungusha taratibu hadi globu ya kupimia ikawaka, akakaza. Kaka yake alikuwa ameiacha wapi? Bushiri hakuweka hata mkwaruzo wa kukumbukia.

Gari likanguruma laini kama cherehani. Nyuma ya pazia ikasikika kwikwi.

"Unalia nini, shemeji? Halikohoi tena!"

"Lirudishe lilivyokuwa."

Alijaribu huku na huku. Gari likazima, likapiga mshindo, lakini kikohozi kile hakikurudi.

"Sasa shemeji, si zima hili? Ulitaka bovu?"

"Magari mazima yanapita barabarani kutwa, Bushiri. Mimi nilitaka kumsikia mume wangu akirudi."