Sarafu Iliyooshwa kwa Majivu

Nicodème hakuwa mtu mbaya mpaka alipopata muda wa kukaa. Alipokuwa akibeba makasha kwenye ghala moja huko Katy, Texas, ubaya wake ulichoka pamoja naye, na wakifika nyumbani Alief, mtaa wa Houston, wote wawili walilala. Kisha kasha likamwangukia mgongoni, kampuni ikamlipa fidia na kumwambia apumzike, na hapo ndipo mkewe Gaudiose alipojua ameolewa na nani.

Alikaa mbele ya televisheni tangu Gaudiose anapotoka kwenda kutandika vitanda vya hoteli hadi anaporudi. Mpira hakutazama, wala habari. Alitazama kipindi cha kuuza sarafu. Mwuzaji wake alikuwa mzungu mwenye meno mengi na sauti ya padri siku ya Pasaka, aliyeshika dola ya fedha kwa glavu nyeupe na kuigeuza chini ya taa, huku pembeni saa ikihesabu kurudi nyuma na maandishi mekundu yakisema zimebaki chache. Kila siku zilikuwa zimebaki chache. Nicodème akapiga simu. Yule binti aliyepokea alimwita bwana, tena mara mbili, na kwa mtu aliyeitwa kwa namba miaka yote ya kambi ya wakimbizi Tanzania, neno lile lilimwingia hadi kwenye mifupa.

Basi fidia ya mgongo ikaanza kurudi nyumbani kwa njia ya posta, ikiwa ndani ya visanduku vya plastiki visivyofunguka, kila sarafu na karatasi yake ya uthibitisho na alama yake: sabini juu ya sabini. Nicodème, ambaye shuleni hakuwahi kupata hata nusu, alizipanga kabatini mahali pa sanamu ya Bikira Maria. Bikira Maria akahamia juu ya friji.

"Hawa ndio ng'ombe wangu," aliwaambia wageni. "Hawali majani, hawaugui, na kila mwaka wanazaa."

Ng'ombe wengine hakuwa nao. Watoto nao hakuwa na wengi. Wanne walizaliwa kambini, watatu wakabaki kule chini ya udongo, na aliyevuka bahari akiwa hai ni Diane peke yake. Diane sasa alikuwa msichana mkubwa, msaidizi wa wauguzi hospitalini, na ndiye aliyelipa umeme uliowasha ile televisheni. Nicodème alimpenda. Hilo lisemwe, maana yanayofuata hayafanani na mapenzi.

Diane alimpata Franck kwenye kongamano la kwaya. Franck alikuwa Mkongomani wa Uvira, mpole, mwembamba, hana baba wala mama, na alifanya kazi katika ghala kule Fort Worth, karibu na Dallas. Nicodème aliposikia alicheka.

"Mkongomani ni wimbo na suruali," alisema. "Ukivua suruali, umebaki na wimbo."

Hata hivyo mila ni mila, na mshenga alipokuja kubisha hodi, alifunguliwa. Mshenga huyo aliitwa Celestine, binamu mkubwa wa Franck, mtu wa maneno ya taratibu. Aliuliza mahari. Siku hizi Warundi wa Texas hawadai ng'ombe, ng'ombe atafungwa wapi kwenye maegesho ya magari? Watu hupatana, bahasha inatolewa, soda zinanywewa. Nicodème akaikataa bahasha kabla haijatajwa.

"Dola za karatasi huliwa," alisema. "Mimi nataka dola ya fedha ya zamani, yenye kichwa cha mwanamke, iliyopigwa kule Nevada. Moja tu. Mkiipata, Diane ni wenu. Msipoipata, msinisumbue."

Alijua alichokifanya. Sarafu hiyo kwenye televisheni ilitajwa mara chache sana, na kila ilipotajwa ilikuwa imekwisha kabla Nicodème hajamaliza kubonyeza namba. Kama yeye mwenye sabini juu ya sabini aliikosa, mbeba makasha wa Uvira ataiona wapi? Alimwekea mlango, kisha akakichomoa kitasa.

Franck hakupiga simu kwenye kipindi chochote. Mtaani kwake kulikuwa na duka dogo la sarafu la bibi mmoja mzungu, na Jumamosi baada ya Jumamosi akawa anaenda kukaa pale kuuliza. Bibi alimfundisha kushika sarafu kwa ukingo na kuitazama bila kuipumulia. Mwisho akamtafutia aliyoitaka. Franck aliuza gari lake. Texas mtu akikuambia ameuza gari, mpe pole kwanza ndipo umwulize sababu. Alianza kwenda kazini kwa miguu kando ya barabara kuu, na mvua ikimkuta njiani ananyeshewa.

Siku ya mahari nyumba ilijaa mpaka ngazini. Nje ya mlango jiko la mkaa lilichoma mishikaki, ndani wanawake wa parokia waligawa soda na bia. Celestine alitoa hotuba ndefu yenye ng'ombe wengi wa maneno. Kisha Franck akapiga magoti, akafungua kitambaa cheupe na kukiinua kwa mikono miwili.

"Papa, hii njo ile uliniomba."

Sarafu ilikuwa nyeusi. Haikuwa nyeusi kabisa, ukiitazama vizuri ilikuwa na bluu ukingoni na wekundu kidogo shavuni mwa yule mwanamke, lakini nani alikuwa anaitazama vizuri? Nicodème aliona weusi tu. Moyo wake ulikuwa umeruka kwa hofu, maana tarehe ilikuwa ya zamani kweli na alama ya Nevada ilikuwepo. Alikuwa amepatikana. Na mtu aliyepatikana mbele ya wageni wake hutafuta pa kutokea.

"Karatasi yake iko wapi?" aliuliza.

"Haina karatasi, Papa. Ni sarafu yenyewe. Ule mama wa duka anaijua tangu zamani."

"Zangu zote zina karatasi. Hata mimi mwenyewe niliingia Amerika na karatasi. Wewe unaniletea kitu kimeokotwa jalalani, hakina sanduku, hakina alama, kimevaa matanga. Nani amekufa?"

Watu walicheka. Wanaume walicheka kwa sababu bia ilikuwa yake, na wanawake kwa sababu wanaume walicheka. Celestine peke yake hakucheka.

"Mzee wangu," alisema, "kizuri chajiuza. Kibaya ndicho kinachojitembeza mpaka kwenye televisheni."

Lilikuwa neno la haki, na lilikuja wakati mbaya. Kicheko kikahama upande, na Nicodème akakisikia kikimwangukia yeye.

"Sawa," alisema polepole. "Kwetu ng'ombe wa mahari akiletwa ana matope, huoshwa kwanza ili tuone vidonda. Mama Diane, niletee majivu na limau."

Franck alisimama. "Papa, apana. Ule mama alisema isipanguzwe, hata na kitambaa. Ile rangi njo yake."

"Unanifundisha ng'ombe?"

Gaudiose alisita kwenye mlango wa jikoni. Kisha akatoka nje, akachota majivu chini ya jiko la mishikaki, akayaleta kwenye kisahani pamoja na limau. Miaka yote ya ndoa yake, akiambiwa lete, alileta.

Nicodème alisugua. Alisugua kama alivyoona mama yake akisugua sufuria mtoni, kwa kidole gumba, kwa nguvu, majivu ya mkaa yakikwaruza na limau likichuruzika kwenye mkono wa shati. Bluu ikatoka. Wekundu wa shavuni ukatoka. Franck aliangalia mikono ya mkwe wake kama mtu anayeangalia mnyama wake akichinjwa na asiyejua kuchinja. Sarafu ilipooshwa ilikuwa nyeupe pe, inawaka chini ya taa, na Nicodème akaisimamisha kando ya mojawapo ya zake.

"Mnaona? Ina mikwaruzo kila mahali. Yangu haina hata mmoja." Akaitupa kwenye kitambaa cha Franck. "Ng'ombe wako ana upele. Mrudishe."

"Papa, please," Diane alisema. Alikuwa amevaa kitenge cha sherehe. "Ali-sell gari yake."

"Asiye na miguu anaoa ili abebwe na nani?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Franck alifunga kitambaa fundo moja, akainama kumuaga mzee kama inavyotakiwa, akatoka. Diane hakumfuata siku ile. Alimfuata baada ya wiki chache, mchana kweupe, na sanduku moja la nguo, na padri wa Fort Worth akawafungisha ndoa bila mahari ya mtu.

Mwaka ukapita. Diane alimpigia mama yake saa za kazi tu, hotelini, Gaudiose akiwa na shuka begani. Nicodème alisema atarudi. Alisema njaa itamrudisha, kisha akasema aibu itamrudisha, na mwuzaji wa televisheni akaendelea kumwambia zimebaki chache. Halafu jioni moja Gaudiose aliingia, akavua viatu, akasimama mbele ya ile televisheni ikawa haionekani.

"Baba Diane, wanasema majuto ni mjukuu. Wako amezaliwa Fort Worth juzi. Ni wa kike."

Nicodème alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Alitaka kumwona mtoto huyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini mzazi haendi kumpongeza binti yake mikono mitupu, na fidia ilikuwa yote kabatini. Basi auze ng'ombe. Tena akawauze kwenye duka lile lile alikonunua Franck, alisema huku akifuta macho, yule bibi ajionee fedha ya kweli inafananaje. Hata machozini hakuacha ushindani.

Waliondoka Houston alfajiri. Gaudiose alipakata sufuria ya uji wa mzazi iliyofungwa kwa kanga safari nzima, na dukani akakataa kushuka.

Yule bibi hakusoma alama hata moja. Aliweka visanduku kwenye mizani, akaondoa uzito wa plastiki, akataja bei ya fedha ya siku hiyo kama mtu anayepima karanga.

"Lakini ni sabini juu ya sabini," Nicodème alimwambia kwa Kiingereza alichojifunza kwenye kipindi.

"Sarafu mpya karibu zote ni sabini," bibi alisema. "Mashine inazitoa zikiwa safi, kwa maelfu. Wewe umenunua plastiki, na ile sauti ya televisheni."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Nicodème aliangalia chini, na kwenye sinia la sarafu mbovu, zile zisizouzika ila kwa uzito wake, akamwona mwanamke aliyemjua. Mweupe pe, amekwaruzwa shavu lote.

Bibi alifuata macho yake. "Hiyo ilinihuzunisha. Kijana mmoja aliinunua kwangu kwa gari lake. Ule weusi ulichukua zaidi ya miaka mia kuja, na ulikuwa ndiyo bei yenyewe. Akairudisha ikiwa hivi. Nikamwuliza, mpumbavu gani kafanya hivi? Akasema ni yeye."

Nicodème alishika ukingo wa kaunta. Alirudisha nusu ya fedha alizopewa, ingawa bibi hakutaka kitu, akachukua ile sarafu na kuifunga kwenye leso yake. Njiani moyo wake ulikuwa mwepesi. Alijiona kama mtu aliyekwisha kusamehewa.

Diane alifungua mlango akiwa na mtoto kifuani. Alimkumbatia mama yake, akapokea sufuria, na Gaudiose akapita ndani kama mtu anayeingia kwake. Nicodème alibaki kizingitini. Alifungua leso na kuinyoosha kwa mikono miwili, kama ilivyoletwa kwake.

"Nimemrudisha ng'ombe wenu," alisema.

Diane aliitazama bila kuigusa.

"Karatasi yake iko wapi, Papa?"

"Haina."

"Na hii mikwaruzo? Nani aliisugua?"

Alikuwa anampa mlango, wa kweli huu, na kitasa chake kikiwepo. Neno moja lingetosha, na lilikuwa fupi. Nicodème alilisikia likipanda kooni. Akamwona Gaudiose nyuma ya Diane, amemnyooshea mtoto mikono, na kooni likageuka.

"Mama yako ndiye aliyeleta majivu," alisema.

Diane akamkabidhi mama yake mtoto. Gaudiose ndiye aliyekuja mlangoni, mtoto begani mwake, kitambaa cha mtoto kikining'inia. Alimwangalia mumewe kama alivyoangalia vitanda vya hoteli baada ya wageni kuondoka.

"Ni kweli," alisema. "Nilileta."

Akaufunga mlango.

Nicodème alikaa kwenye gari, funguo mkononi, leso mapajani. Kutoka dirishani alisikia mtoto akilia, kisha akibembelezwa, na sauti iliyombembeleza ilikuwa ya mkewe. Jua lilipoanza kushuka, Franck alitokea kwa miguu kando ya barabara, akiwa na chupa ya maji na kopo la chakula, vumbi hadi magotini. Aliliona gari, akaja dirishani, akainama.

"Jambo, Papa," alisema kwa heshima yote.

Kisha akapita, akabisha. Mlango ukafunguliwa, akaingia, ukafungwa.