Pumzi ya Mwalimu

Kwa miaka ishirini na miwili alipuliza saksafoni katika bendi ya jazi ya hoteli moja kubwa, na wanabendi wenzake walimwita Bomba, kwa jinsi pumzi yake ilivyokuwa haikatiki. Kisha kifua kikaanza kumbana. Daktari akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba mambo ya jukwaani basi. Mkewe ndiye aliyempeleka kwa mkuu wa shule kuomba kazi, nusura amkokote. Leo ana miaka minane ya ualimu, na ukimsikia analalamika, ujue chaki zimeisha. Ila habari ya kifua hajamwambia mtu pale shuleni. Bomba naye ana kiburi chake.

Mwanafunzi wake hodari ni binti anayeitwa Chiriku, kwa sababu huongea bila kituo. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye usaili wa chuo cha muziki, na nafasi ya saksafoni ilikuwa moja tu. Mwalimu alikaa kwenye benchi la korido, mlango umeachwa wazi kidogo, akijifanya anasoma gazeti.

Chiriku alipiga vizuri, tena vizuri sana. Lakini katikati ya mstari mrefu wa wimbo akakata, akavuta pumzi, bega la kushoto likapanda, akaendelea.

"Mbona unakata hapo?" mama mtahini aliuliza. "Hebu rudia."

Akarudia. Akakata palepale.

"Ndivyo unavyopigwa, mama," Chiriku alisema. "Darasani kwetu sote tunapiga hivyo."

Gazeti likamponyoka mwalimu. Wimbo ule haukupigwa hivyo hata siku moja! Pale ndipo yeye mwenyewe pumzi inapomwishia, na bega lile ni lake. Miaka minane anawafundisha watoto wa watu, wazima wa afya, ugonjwa wake. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Angeweza kunyamaza, binti akose nafasi, siri yake ibaki salama.

Akabisha hodi, akaingia.

"Samahani, mama. Kosa ni langu. Mimi kifua kinanisumbua, na hapo ndipo ninapoishiwa pumzi. Huyu ameniiga tu." Akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, usikate. Nenda mpaka mwisho wa mstari."

Chiriku akamkodolea macho. "Mwalimu, kumbe unaumwa?"

"Piga kwanza. Maswali baadaye."

Mtahini akaitikia kwa kichwa.

Binti akajaza kifua, akapuliza. Mwalimu, amesimama mlangoni, akajikuta amebana pumzi pamoja naye. Wakafika pale pa kukata, wakapapita. Mtahini akaweka kalamu chini, akabaki anasikiliza. Mwalimu akaishiwa, akavuta pumzi nyingine, huku akicheka kimoyomoyo kwa furaha. Chiriku alikuwa bado yumo kwenye ile ya kwanza.