Shati la Sare Laenda Harusini

Jumamosi ya harusi ya rafiki yake Bisimwa, mwezi wa sita mwaka 2019, Déo alikuwa jikoni kwake Fort Worth akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye. Mkewe, Cécile, alikuwa anasonga ugali. Alasiri kabati la nguo lilifunguka, shati la kitenge la bluu lenye maua ya manjano likatoka, likachukua funguo za gari mezani, likashuka ngazi.

"Chemise yako inaenda," alisema Cécile.

"Naiona," alisema Déo.

Dirishani walilitazama likifunga mkanda na kuwasha indiketa. Barabarani lilikuwa na adabu kumshinda mwenyewe.

Kitenge kile kilikuwa sare ya upande wa bwana harusi. Kwa Wakongo, ukipokea kitambaa umekubali undugu, na ukishakishonesha huwezi kukirudisha wala kumgawia mtu. Afadhali umtukane mwenye harusi hadharani. Déo alikipokea kwa furaha, akakipeleka kwa fundi siku hiyohiyo, kwa kiherehere chake, bila kuuliza bibi harusi ni nani. Hakukuwa na bibi harusi. Bisimwa alikuwa anafunga ndoa na Nathanaël, nesi wa Lewisville, mwanamume mpole anayejua kupika sombe ya majani ya muhogo.

Mchungaji wa kanisa lao alipopata habari alihubiri mpaka maikrofoni ikapata moto. Atakayekanyaga harusi ile, alisema, asiiguse tena kwaya. Kiongozi wa kwaya alikuwa Déo, naye alipenda sana kuonekana pale mbele. Akampigia Bisimwa simu.

"Ndugu yangu, Biblia njo inakatala. Haiko mimi."

"Biblia haikunipigia simu, Déo," alisema Bisimwa. "We njo umenipigia."

Kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mama yake Déo alipofariki kwa kipindupindu, wanaume waliogopa kusogea. Bisimwa alimchimbia kaburi peke yake, mvua inamnyeshea. Jambo hili Déo hakumwambia mchungaji. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shati lilirudi usiku likinuka mbuzi wa kuchoma, na keki kwenye mkono. Kanisani kesho yake ikajulikana kuwa halikwenda peke yake. Gauni la mama Theodora wa kwaya lilicheza mpaka likafumuka kwapani. Picha zilizunguka kwenye simu: Bisimwa na Nathanaël katikati wanacheka, nyuma yao safu za vitenge vya bluu vimesimama wima, kola zimenyooka, bila vichwa. Akina mama walilalamikia kupiga pasi tu. Mchungaji akatangaza kwamba nguo haina roho, kwa hiyo nguo hazikutenda dhambi, wala wenye nguo. Waumini wakaitikia amina kwa sauti ya watu waliotuliwa mzigo.

Tangu hapo shati lilikwenda Lewisville kila Jumamosi. Bisimwa aliliwekea kiti na sahani. Likirudi, Déo alilinusa kabla ya kulitundika, akajua wamekula nini. Alimkumbuka sana rafiki yake. Simu hakupiga.

Mwaka uliofuata korona ilimkuta Bisimwa kazini, kwenye kiwanda cha nyama. Watu wote walijifungia ndani. Shati liliendelea na safari zake. Jumamosi moja lilirudi limelowa begani, na Cécile akakaa kitini.

"Nathanaël njo amelilia hapa," alisema. "Déo, uende kumuzika Bisimwa. Alikuzikia mama."

Déo alishika funguo, akasimama nazo mlangoni. Kisha akaziweka mezani, pale shati lilipozoea kuzichukua.

Huku makaburi huchimbwa kwa mashine. Hata hivyo siku ya maziko shati lilirudi na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, limechanika mgongoni kama nguo ya mtu aliyefanya kazi ngumu. Déo alilifua kwa mkono, maji matatu, akashona palipochanika.

Jumapili ibada ilikuwa kwenye simu. Mchungaji alimwomba kiongozi wa kwaya afungue kwa wimbo. Déo akaimba vizuri, amevaa shati jeupe. Nyuma yake lile la bluu lilikuwa limekaa kitini, limempa mgongo.