Ng'ombe wa Mwenyekiti na Jezi za Kigera

Jogoo alikuwa hajawika, na nyumba ya Hyasinta ilikuwa kimya isipokuwa sauti moja ndogo iliyotoka nyuma ya jiko. Ilikuwa sauti ya kutafuna, taratibu, kama ya mzee anayekula hindi la kuchoma kwa meno machache. Hyasinta alilala akiisikiliza, akidhani mbuzi kapata maganda ya ndizi. Kisha akakumbuka alichoanika huko nyuma, akatoka mbio huku akijifunga kitenge.

Ng'ombe wa Masatu alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa, na mkono wa jezi ya bluu ulikuwa ukining'inia mdomoni mwake. Jezi nyingine zilikuwa chini, zimetafunwa na kutemwa. Hapakuwa na hata moja ambayo mtu angeweza kuivaa.

Ukitaka kujua kwa nini ng'ombe ale jezi, ujue mwaka ule ulivyokuwa. Sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Sukari ilipimwa kwa kijiko, na unga uliopatikana dukani ni ule wa njano wa mahindi ya msaada, ambao watu waliuita Yanga hata kama wao wenyewe walikuwa Simba. Hyasinta ndiye aliyetunza jezi za Mawimbi, timu ya Mugango, na kwa kukosa sabuni alizifua kwa magadi, kama wanawake wote wa ufukweni walivyofua nguo zao. Kosa lake lilikuwa kuzianika kwenye ua ulio chini. Magadi ndiyo wanayolambishwa ng'ombe huko kwetu, na magadi nayo yalikuwa yameadimika. Yule ng'ombe hakuwa mwizi. Alinusa haki yake, akaifuata.

Masatu alikuja kumchukua ng'ombe wake akiwa amevaa koti la mvua juu ya shuka. Alikuwa pia mwenyekiti wa Mawimbi. Alitazama ua, akatazama mkono wa bluu, akamtazama Hyasinta ambaye machozi yalikuwa yameanza kumtoka.

"Usilie, mama Felisian," alisema. "Ng'ombe ni wangu na timu ni yangu. Nikimshtaki mtu, nitasimama kizimbani peke yangu."

Hyasinta hakuweza kucheka. Jumamosi ile Mawimbi walikuwa wanacheza na Bunda, hukohuko kwao, mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa. Kamati ya ligi ilikwisha kutangaza kwamba timu isiyofika, au inayofika bila jezi za rangi moja, itafutwa. Na timu ndogo ikifutwa miaka ile, ilikuwa imezikwa. Hyasinta alikuwa ameona timu za vijiji jirani zikifa hivyo: kwanza mpira unapasuka na hakuna wa kununua mwingine, halafu viatu, halafu vijana wanazoea kukaa tu Jumamosi, na mwisho wanazoea pombe. Mawimbi ilianzishwa na marehemu mume wake, Apolinary, aliyeshona nyavu za magoli kwa vipande vya nyavu za kuvulia. Sasa Felisian, mtoto wao wa mwisho, alikuwa anacheza pembeni kushoto. Nyavu zile bado zilikuwepo. Hyasinta hakutaka ziwe za kufugia kuku.

Kikao kilikaa asubuhi ileile kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, na kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema wacheze vifua wazi. Mwingine alisema ng'ombe asajiliwe, maana jezi anayo tumboni. Lakini Hyasinta alipotaja Kigera, watu waliguna. Nyuki wa Kigera, kule Musoma mjini, walikuwa na jezi za kijani, nzuri, walizopewa enzi kiwanda cha pamba kilipokuwa kinawalea. Walikuwa pia mahasimu wa Mawimbi tangu siku ya kwanza. Watu wa Mugango waliwaita wala-foleni, kwa sababu ya kupanga mstari dukani kutwa nzima. Wale wa Kigera waliwaita wenzao wala-furu, kwa visamaki vile vidogo vyenye miiba. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya upole kwamba ni heri kufutwa kuliko kuvaa kijani.

Masatu hakukataa wala hakukubali. Alikiri tu kwamba yeye hawezi kwenda, kwa kuwa mwaka uliopita alisema hadharani kuwa Kigera wanacheza kama watu wanaotafuta sindano kwenye nyasi.

Basi Hyasinta akaenda mwenyewe. Alifungasha sato wa kukausha kwenye kikapu, akashika njia. Mchuuzi wa dagaa aliyemkuta barabarani alishusha gunia moja kwenye baiskeli yake, akaliacha kwa mtu anayemfahamu, ili mama yule apate pa kukaa. Hakutaka hata kutajwa jina.

Huko Kigera alimwulizia Gati, mwanamke aliyefua jezi za Nyuki. Walikuwa wanajuana kwa matusi tu. Gati alikuwa na sauti iliyovuka uwanja mzima, na Hyasinta alishawahi kuisikia ikimwita mama wa furu mbele ya watu. Lakini mgeni akishafika mlangoni ni mgeni. Gati alimletea maji ya kunawa miguu, akampa kiti, akamkorogea uji wa Yanga, na hakumwuliza chochote mpaka bakuli lilipokwisha.

Hyasinta alipomweleza, Gati alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona mgeni wake hacheki, akaacha, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Samahani, mwenzangu," alisema. "Hata sisi tumekwisha. Jezi tunazo, ila hatuna pa kuzipeleka."

Akamsimulia yote. Kiwanda kilikuwa kimewaambia kwamba mambo ya nchi yanabadilika, kila mmoja ajitegemee, na fedha za michezo hazipo tena. Lori lililokuwa likiwabeba limeondolewa. Jumamosi Nyuki nao walikuwa na mechi ya mwisho palepale Bunda, saa nane, dhidi ya timu ya Butiama. Wasipofika, nao watafutwa.

Hyasinta aliuliza polepole, "Saa nane?"

"Saa nane."

"Sisi ni saa kumi."

Walitazamana. Hapo kila mmoja akaanza kutoa alichonacho, kama wanawake wanaochangia chungu kimoja. Mugango kulikuwa na lori la samaki la Mwikwabe, zima kabisa, limesimama kwa kukosa dizeli. Kigera kulikuwa na Silasi, mwenyekiti wa Nyuki, mwenye mashine ya kusaga, na mashine ile ilikuwa na dizeli ya wiki hiyo. Lori la Mugango, dizeli ya Kigera, jezi moja kwa timu mbili.

Silasi hakufurahi. Alisema mashabiki wake hawatakubali kuona kijani chao kikivaliwa na wavuvi, na kwamba mtu mwenye akili angewaacha Mawimbi wafutwe ili ligi ipumue. Gati alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Jezi hizi nani anazifuaga?" aliuliza.

Silasi akamwonyesha yeye kwa kidevu.

"Basi mimi ndiye ninajua jasho lake. Zitakwenda, na wewe utakwenda nazo."

Dizeli ilipopelekwa Mugango na kumiminwa kwenye lori, mashine ikanyamaza. Wanawake waliokuja na mahindi walinung'unika sana. Kisha bibi mmoja, Jenoveva, akajitwika debe lake tena, akasema jiwe la kusagia la mama yake bado lipo, na mwenye mikono aje. Wiki ile Kigera walisaga kwa jiwe. Hyasinta alipoambiwa, aliwaombea dua kimoyomoyo.

Jumamosi lori liliondoka likinuka sangara. Watu wa Mugango walisimama upande mmoja, wa Kigera upande mwingine, na katikati ukabaki uwazi ambao ungetosha kulaza ndama. Hakuna aliyesema neno mpaka walipokaribia Kyabakari, ambapo lori liliruka shimo na uwazi wote ukajaa watu. Silasi alijikuta ameangukia mapaja ya Masatu.

"Hiyo sindano umeshaiona?" Silasi aliuliza, akijaribu kuinuka.

Masatu alimshika mkono asianguke tena. "Bado, bwana. Ila nadhani umeikalia."

Baada ya hapo lori halikunyamaza hadi Bunda.

Nyuki walicheza na Butiama jua likiwa kali, wakatoka sare. Sare iliwatosha, wakabaki kwenye ligi. Kipenga kilipolia hawakukimbilia kivulini. Walikwenda moja kwa moja walipokuwa wamekaa vijana wa Mugango, wakavua jezi na kuwavisha wenzao, zikiwa zimelowa chapachapa. Beki mmoja mkubwa alimvisha Felisian yake, akaona inamfika magotini, akapiga goti na kumfunga fundo pembeni kama mama anayemvalisha mtoto wa kipaimara. Hyasinta aliona, na hakulisahau.

Watu wa Bunda walicheka. Wakulima wa pamba waliojaa upande wa barabara waliuliza kwa nguvu kama Kigera wamependa uwanja kiasi cha kucheza mara mbili. Msimamizi wa ligi alikuja, akazikagua jezi, akahesabu namba, akaikamua moja kwa vidole.

"Zimelowa," alisema.

Gati alikuwa karibu. "Sheria inataka rangi moja, baba. Ukavu haikuutaja."

Msimamizi aliwaza, akatabasamu kwa shida, akampa mwamuzi ishara.

Bunda walipata goli mapema. Walikuwa kwao, wamekula, na hawakuwa wamesafiri na samaki. Hyasinta alikaa chini, kikapu mapajani, akakitazama badala ya kuutazama mpira. Hapo nyuma yake akasikia kitu ambacho hakukitarajia. Mashabiki wa Kigera, walioapa kwamba watakaa kimya kama wamefiwa, walikuwa wanaanza kuguna kila kijana wa kijani alipopokonywa mpira. Mtu hawezi kuizomea nguo yake mwenyewe. Kwanza aliinuka mmoja, halafu watatu, halafu sauti ya Gati ikavuka uwanja, ikimwita mchezaji mura, yaani kijana, kwa lugha ya kwao.

"Mura, kimbia! Hiyo ni jezi yangu!"

Mawimbi wakasawazisha. Watu wa Mugango na wa Kigera wakaimba wimbo mmoja, kila upande kwa maneno yake. Jua lilipoanza kushuka, Felisian alipata mpira pembeni kushoto, fundo la jezi limekwisha kufunguka, jezi ikipepea kama tanga. Akampita mmoja, akampita mwingine, akapiga chini, pembeni mwa nguzo. Wavu ukatikisika.

Hyasinta hakujua alivyosimama. Alijikuta kifuani kwa Gati, na kikapu kimebanwa katikati yao. Silasi alikuwa amempandisha Masatu mabegani, mtu mzima na koti lake la mvua. Mpira ulipokwisha, hata wale wakulima wa pamba waliingia uwanjani kuwapa mikono vijana, wakisema hawajawahi kuona jezi zenye kazi kama zile.

Wakati wa kuagana, Gati alimpa Hyasinta mzigo wa jezi akazifue yeye, maana waliozilowesha mwisho ni wake. Ndani ya mzigo aliweka kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye jani. Alikuwa amekiweka kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu.

"Magadi hapana," alimwambia sikioni.

Jumapili iliyofuata Hyasinta alirudi Kigera. Jezi zilikuwa safi, zimekunjwa kikapuni, na chini yake kulikuwa na samaki wa kukausha, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Gati alimletea maji, kiti na uji kama mara ya kwanza, akamwuliza habari za Felisian, za Masatu, hata za ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa mzima, Hyasinta alisema, na ndama wake angeuzwa. Sokoni Musoma zilikuwa zimeanza kufika nguo kuukuu za kutoka ng'ambo, marobota kwa marobota, na Masatu alikuwa amekwisha kuona fulana za bluu. Msimu ujao Mawimbi wangekuwa na jezi zao wenyewe.

Gati alifurahi, akasema ni vizuri. Lakini alibaki akikishika kikapu, akikizungusha mkononi. Kisha akaingia ndani, akatoka amekijaza viazi vitamu mpaka ukingoni, akamtwisha Hyasinta kichwani, akamsindikiza hadi njia panda. Hapo akasimama.

"Hicho kikapu ni changu sasa, kina viazi vyangu," alisema. "Kirudishe. Njoo tena, mama Felisian, hata kama ng'ombe hajala kitu."